Kisu cha Kukunja Kisicho na Komeo: Kukichagua, Kukinoa na Kukitumia Kitaluni

Hotuba ya bwana shamba mstaafu kwa wakulima wa vitalu vya machungwa, Muheza

Ndugu mwenyekiti, walimu, mabwana shamba na mabibi shamba mlioko kazini, wakulima wa vitalu, na ninyi vijana mnaomaliza mafunzo ya kubebesha miche, yaani kupandikiza jicho (chipukizi) la mti mmoja kwenye shina la mwingine: wakubwa zangu shikamooni, na wengine wote habari za asubuhi.

Barua ya mwaliko iliniomba nizungumzie zana za kitalu. Nilipoanza kuandika niliorodhesha mkasi wa kupogolea, msumeno mdogo, bomba la kupulizia dawa na koleo, na kabla sijafika mwisho wa karatasi nikaona kwamba muda niliopewa hautatosha hata kutaja bei zake. Kwa hiyo nawaomba radhi waandaaji, kwani nitazungumzia zana moja tu, ndogo kuliko zote, ambayo nimeibeba mfukoni kwa zaidi ya miaka thelathini, na ambayo naona vijana wengi wanainunua vibaya, wanaitumia vibaya, halafu wanailaumu. Nayo ni kisu cha kukunja cha mtindo wa zamani, kile kisicho na komeo wala kufuli, ambacho ubapa wake hushikiliwa na springi peke yake.

Mwenye kisu cha namna hiyo hapa akitoe, akikunjue taratibu, akitazame pamoja nami. Ubapa una sehemu tatu zinazotuhusu: makali, mgongo, na msuka, yaani kile kipande kisichonolewa kinachoingia ndani ya mpini na kutobolewa tundu la pini. Upande wa mgongo wa mpini kuna kipande kirefu cha feleji ambacho ndicho springi. Kimepigiliwa ribiti katikati na kwenye mwisho mmoja, na mwisho wa pili umeachwa huru ili uukandamize msuka. Msuka nao umechongwa ukawa na pande zilizonyooka, kama kipande cha sabuni. Springi ikikutana na upande ulionyooka hutulia, na ubapa husimama. Ukiusukuma, pembe ya msuka huinyanyua springi, na ikishapita kileleni ubapa hurukia upande unaofuata kwa kishindo. Visu vingine vimechongwa upande wa ziada, hivyo ubapa husimama kidogo katikati ya safari, ukiwa umekaa pembe mraba na mpini, kabla ya kufunga kabisa. Mimi hupendelea vya aina hiyo, na sababu yake nitaieleza nikifika kwenye kufunga.

Hayo ndiyo maumbile yake yote, na ukiyaelewa hayo huna haja ya kukariri kanuni nyingi. Springi hushikilia, haifungi. Nguvu inayopita kwenye makali huusukuma ubapa uzidi kufunguka, na hapo mpini huuzuia, kwa hiyo ukikata kwa kuvuta uko salama. Nguvu inayopita kwenye mgongo, au kwenye ncha unapochoma kitu kigumu, huusukuma ubapa ujikunje, na kitakachousubiri ndani ya mpini ni vidole vyako.

Kidole hiki cha shahada, ambacho wa mbele mnaweza kuona kovu lake, nilikikata nikiwa mwaka wangu wa pili kazini. Nilitaka kutoboa kifuniko cha dumu la mafuta ya taa. Nilishika kisu kama msumari, nikachoma mara ya kwanza kikaingia kidogo, nikachoma mara ya pili kikateleza, ubapa ukajikunja kwa kishindo kilekile nilichokuwa nakisifia kwa wenzangu. Kilifika mfupani. Kwa wiki sita, tena katika msimu wa kubebesha, nilikuwa nashika daftari na kuwahesabia wengine miche. Mzee aliyekuwa mkuu wa kitalu chetu hakunifokea hata neno moja. Alikiokota kisu, akakifuta damu, akanirudishia akisema kwamba kilifanya kile kilichotengenezwa kufanya.

Bila shaka mtu ataniuliza: basi kwa nini nisinunue kisu chenye komeo? Nunua, kama kazi yako ni kutoboa magunia, kukata kamba za katani kwa kuchoma, au kuchinja. Visu vyenye komeo vipo na vingine ni vizuri sana. Lakini komeo huhitaji nafasi na unene, na kisu cha kitalu kinatakiwa kiwe chembamba. Tena komeo likichakaa au likijaa mchanga huachia bila taarifa, wakati mkono uliozoea kulitegemea umeshasahau tahadhari. Anayetumia kisu cha springi anajua kila siku kwamba ulinzi uko mkononi mwake.

Visu hivi havikuzuliwa juzi. Mji wa Sheffield, Uingereza, ulikuwa na mafundi visu wengi kiasi kwamba mwaka 1624 walipata chama chao cha kisheria, na chama hicho kipo mpaka leo. Katika mji huohuo kuna kisa ambacho hukipenda kwa sababu kinahusu springi. Benjamin Huntsman alikuwa fundi saa wa Doncaster aliyechoshwa na springi zinazovunjika kwa sababu feleji ya wakati wake haikuwa na ubora ulio sawa mwanzo hadi mwisho. Katika miaka ya 1740 alihamia jirani na Sheffield, akabuni njia ya kuyeyusha feleji ndani ya vyungu vya udongo mpaka ikawa ya namna moja tupu. Inasimuliwa kwamba mafundi visu wa mji wake waliikataa mwanzoni kwa kuwa ilikuwa ngumu kuliko walivyozoea, naye akawauzia Wafaransa, mpaka visu vya Kifaransa viliporudi kushindana nao sokoni. Basi mnaposikia mlio ule wa springi mjue kwamba feleji iliyoufanya uwe wa kuaminika ilianza kwa mtu aliyetaka saa iende vizuri ukutani.

Uswisi nako, Karl Elsener alifungua karakana yake Ibach mwaka 1884, akaanza kuliuzia jeshi visu vya askari mwaka 1891, na tarehe 12 Juni 1897 akasajili kisu cha afisa, ambacho ujanja wake mkubwa ulikuwa kuifanya springi moja itumike pande zote mbili za mpini, ili vifaa viongezeke bila kisu kuwa kinene. Kile kisu chekundu chenye msalaba mweupe mnachokiona kwa watalii ni mjukuu wa kile. Sehemu kubwa ya visu hivyo vya ukubwa wa kawaida, milimita 91, havina komeo la ubapa, ingawa vile vikubwa zaidi vinalo, kwa hiyo angalia kabla ya kudhani.

Na sisi tuna jamaa yetu katika ukoo huu. Kisu kiitwacho Okapi, chenye mpini wa mbao uliopambwa kwa chapa za nyota na mwezi, kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya kuuzwa katika makoloni yake ya Afrika, na hii nchi tuliyokaa ilikuwa mojawapo. Mwaka huohuo Wajerumani walianzisha kituo chao cha utafiti wa mimea huko Amani, juu ya milima hii mnayoiona dirishani. Sisemi mambo hayo mawili yanahusiana, nasema tu kwamba kalenda ina vituko vyake. Kisu kilipewa jina la mnyama wa misitu ya Kongo ambaye wanasayansi wa Ulaya walikuwa wamemtambua mwaka mmoja tu nyuma, na tangu 1988 kinatengenezwa Afrika Kusini. Kile chenye pete ya chuma mgongoni kina meno ya kuzuia ubapa, kwa hiyo hakimo katika mazungumzo ya leo, ila nilijua nisipokitaja mtu angeninyooshea mkono.

Sasa tuje sokoni.

Jambo la kwanza ni feleji. Ziko za namna mbili kwa matumizi yetu: ile ya kaboni, inayoshika kutu, na ile isiyoshika kutu kwa haraka kwa sababu imechanganywa na kromiamu, ambayo katika visu hufika asilimia 13 au zaidi. Hii ya pili nayo ilitokea Sheffield, mwaka 1913, kwa mkono wa Harry Brearley, na visu vyake vya kwanza vilidharauliwa kwamba havikati. Lawama hiyo leo haina msingi tena. Hata hivyo mimi bado nabeba kisu cha kaboni, kwa sababu kinanoleka upesi kwenye jiwe la kawaida na hupata makali membamba mno, na kutu yake ni ya mvivu tu. Ukikata machungwa, maji yake yenye tindikali yatakiachia madoa ya buluu na kijivu siku hiyohiyo. Msishtuke wala msiyasugue kwa steelwire, maana baada ya miezi michache madoa hayo huungana yakawa rangi moja ya kijivu inayopunguza kutu nyekundu. Kwa kijana anayeanza, mwenye jasho jingi na kumbukumbu chache za kufuta kisu, nashauri achukue kisichoshika kutu. Anayeishi Pangani au Tanga mjini, ambako upepo wa bahari una chumvi, sina haja hata ya kumshauri.

Jambo la pili ni umbo la ubapa. Wamarekani wana kisu cha wafugaji chenye bapa tatu, na ukikitazama utaona somo zima la maumbo: mmoja una ncha iliyochongoka, wa kazi zote, wa pili una makali yaliyonyooka kabisa na mgongo unaoteremka kuyafuata, usio na ncha ya kuchoma, wa tatu ni mfupi na ncha yake ni butu, uliokusudiwa kuhasi mifugo bila kutoboa pasipotakiwa. Kwa kubebesha, huo wa makali yaliyonyooka ndio bora, kwa kuwa hugusa mti kwa urefu wake wote na kuacha uso bapa. Wenye kisu chenye ubapa mmoja wa kawaida wasikate tamaa. Mradi ni mwembamba, kazi itafanyika. Wapo watakaokuambia kisu cha kubebeshea lazima kinolewe upande mmoja tu kama patasi, na ni kweli kwamba visu vilivyotengenezwa mahususi hunolewa hivyo na hukata bapa kwa urahisi zaidi, lakini kama kisu chako ni hikihiki utakachomenyea chungwa na kukatia riboni ya kufungia jicho, makali ya pande mbili yanakutosha.

Urefu wa ubapa usizidi upana wa kiganja chako. Sentimita sita hadi nane zinatosha kwa kazi hii.

Jambo la tatu ni ufundi wa kuungwa kwake, na hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu hapa ndipo pesa yenu inapopotea. Kabla hujauliza bei, kikunjue kisu na ukinyanyue kuelekea kwenye mwanga, ukitazama kati ya springi na kuta za mpini. Mwanga ukipenya, mchanga nao utapenya. Kisha shika mpini kwa mkono mmoja na ncha kwa mkono wa pili, ujaribu kuutikisa ubapa kushoto na kulia; ukicheza sasa ukiwa mpya, baada ya mwaka utacheza kama jino la mtoto. Kikunje, utazame kwa juu kama ubapa umekaa katikati ya nafasi yake au unakwaruza ukuta mmoja. Halafu sikiliza. Kisu kizuri kinafunguka kwa mlio mmoja mkavu. Kinachofunguka kimyakimya kina springi iliyolegea, na kisu chenye springi iliyolegea nisingempa hata adui yangu, kwa maana hicho ndicho kitakachojikunja siku usiyoitarajia. Kinyume chake, springi ikiwa kali kiasi kwamba ukucha unavunjika kabla ubapa haujanyanyuka, hiyo nayo ni kasoro. Wauzaji huisifia kama uimara, lakini mtu mwenye mikono iliyolowa atateleza akijikata kwa nguvu zake mwenyewe.

Mpini chagua unaokupendeza. Mfupa, pembe ya ng'ombe na plastiki ngumu vyote vinafaa. Mpingo wetu, ambao nchi za nje wanautengenezea zumari zao, ni mzuri kupindukia na haunywi maji kirahisi. Ukikuta sokoni kisu cha zamani chenye mpini wa pembe ya ndovu, kipishe, kwa sababu biashara ya kimataifa ya pembe hizo imepigwa marufuku na hutapenda kumweleza ofisa wa mpakani kwamba ulidhani ni mfupa.

Methali inatuambia kwamba mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Kitaluni, mwenye kisu kikali ndiye ambaye jicho lake hushika, na nitawaonyesha kwa nini.

Shina la mlimao likifikia unene wa penseli liko tayari kubebeshwa chungwa. Kwa kimo cha sentimita 20 hadi 30 kutoka ardhini unakata gome kwa wima, urefu wa sentimita mbili na nusu hivi, kisha unakata mkato wa kulala juu yake, umbo likawa la herufi T. Mikato hii inapita kwenye gome tu. Ukisikia kisu kinakwaruza mti umezidisha. Kisha unashika tawi ulilochuma macho, unaanza kukata sentimita moja na nusu chini ya jicho, ubapa ukiwa karibu umelala, na unauvuta kwa mwendo mmoja, ukitumia urefu wote wa makali, mpaka upite juu ya jicho kwa kiasi hichohicho. Kinachotoka ni kigamba chembamba chenye jicho katikati na utando mdogo wa mti nyuma yake. Kitazameni kigamba hicho kwa mwanga. Kikiwa kimekatwa kwa kisu kikali, nyuma yake hung'aa kama kucha iliyopakwa mafuta. Kikiwa kimekatwa kwa kisu butu utaona mawimbi, kila wimbi likionyesha mahali mkono uliposita, na kingo zake zitakuwa zimeviringika na kuwa za kahawia kabla hujamaliza kufunga riboni. Chini ya gome kuna tabaka jembamba mno la uhai, jembamba kama karatasi, na ni matabaka hayo mawili, la shina na la kigamba, yanayopaswa kugusana na kuungana. Kisu butu huyaponda. Ukifungua riboni baada ya wiki tatu ukikuta jicho limekauka, usikimbilie kulaumu jua.

Kuna kosa moja la mkono ambalo wabebeshaji wenye uzoefu pia hulifanya. Baada ya kukata ile T, wanageuza kisu na kutumia nyuma ya ncha kubandua gome. Kumbukeni springi. Kusukuma kwa mgongo wa ubapa ndiko hasa kunakoukunja. Gome la mlimao katika msimu mzuri hubanduka kwa urahisi na hutaona madhara, lakini siku ya ukame, gome linapong'ang'ania, utaongeza nguvu, na nimeshawaonyesha kidole. Mimi nina mpini wa mswaki wa zamani niliouchonga mwisho wake ukawa bapa na mviringo, na umenibandulia magome kwa miaka mingi kuliko nilivyoutumia kwa meno.

Kufunga kisu nako kuna adabu yake. Kukifungua, tia ukucha wa kidole gumba kwenye kile kijishimo cha ubapani, uunyanyue kidogo, kisha ushike ubapa kwa ubavuni, kidole gumba upande huu na cha shahada upande ule, umalizie safari yake. Kukifunga, ondoa vidole vyote kwenye njia ya makali, ushike mpini kwa ubavuni, na usukume mgongo wa ubapa kwa kiganja cha mkono wa pili. Hapa ndipo kile kituo cha katikati kinaponipendeza, kwa sababu ubapa husimama na kunipa nafasi ya kuhakikisha kwamba vidole haviko mahali pabaya. Tena usiuachie ubapa ukajibamiza wenyewe ndani. Vijana hupenda mlio ule, lakini katika visu vingi makali hugonga springi kwa ndani, na utashangaa kwa nini sehemu moja ya kisu chako ina pengo ingawa hujawahi kukata waya.

Kuhusu kunoa ningeweza kuzungumza mpaka adhuhuri, kwa hiyo nitajizuia. Mnahitaji jiwe lenye pande mbili, wa kukwaruza na wa laini, na maji. Lazeni ubapa juu ya jiwe kisha munyanyue mgongo wake kidogo. Kwa ubapa wenye upana wa sentimita moja na robo, kimo cha milimita tatu hadi nne kinatosha. Songeni kana kwamba mnataka kuchana kipande chembamba cha jiwe, upande mmoja kwanza, kwa kimo kilekile bila kubadilisha, mpaka mkipapasa upande wa pili kwa kidole gumba, mkitokea mgongoni kwenda kwenye makali, muhisi unyuzi wa chuma umejitokeza urefu wote. Unyuzi huo ndio ushahidi kwamba mmefika ukingoni kabisa, na wengi huacha kunoa kabla haujatokea ndiyo maana visu vyao haviwi vikali hata wakinoa kila siku. Geuzeni, mnoe upande wa pili vivyo hivyo, kisha hamieni kwenye jiwe laini kwa mkono mwepesi, na mwisho buruzeni ubapa kinyumenyume juu ya mkanda wa ngozi mpaka unyuzi upotee. Asiye na jiwe laini ageuze kikombe cha kaure. Ule mduara wa kitako usiopakwa rangi ni kinoo kizuri ambacho kimo katika kila nyumba.

Mashine ya baiskeli iepukeni kwa kisu hiki. Siwadharau wanoaji wetu wa mitaani, kwani panga na kisu cha jikoni wanavimudu, lakini ubapa wetu ni mwembamba na hupata moto upesi mno. Niliwahi kumpa mmoja kisu changu kizuri nikiwa na haraka, akakibana kwenye jiwe linalozunguka, cheche zikaruka, nikarudishiwa ncha yenye rangi ya buluu. Buluu hiyo maana yake ni kwamba feleji imepashwa moto kupita kiasi na ugumu wake umeondoka. Kisu kilikuwa kikali siku ile, na kesho yake kilikuwa butu, na hivyo ndivyo kilivyoendelea mpaka nilipoimaliza sehemu ile yote kwa kunoa.

Usafi si wa urembo tu katika kazi yetu. Kuna magonjwa ya michungwa yanayosafiri kwa kisu, na mojawapo, lile linalobandua gome la shina na kudumaza mti, huambukizwa kwa urahisi kabisa na ubapa uliotoka kukata mti mgonjwa. Spiriti hailiui. Dawa ya klorini ya kufulia hulimaliza, sehemu moja ya dawa kwa sehemu tisa za maji, na kisu kichovywe kila unapotoka kwenye mti mama mmoja kwenda mwingine. Lakini klorini hiyohiyo hula feleji, hata ile isiyoshika kutu, kwa hiyo kisu kisuuzwe kwa maji safi, kikaushwe, na jioni kipakwe mafuta. Kwenye egemeo la ubapa, yaani kwenye ile pini, tone moja la mafuta ya cherehani linatosha. Mafuta ya kula msiyatie hapo, kwa kuwa huganda yakawa gundi inayonasa vumbi, ingawa kwenye ubapa utakaokatia chakula yanafaa kupakwa juu kwa juu. Mfuko nao hujaza nyuzi za nguo ndani ya mpini. Zitoeni kwa kijiti.

Kuhusu kubeba, niwape machache. Kisu kikabidhiwe kikiwa kimefungwa, na kama kiko wazi basi mpini utangulie, mpokeaji aseme kwamba ameshika kabla hujaachia. Mtoto akililia wembe mpe, wanasema wahenga, nami katika hili nawapinga kwa heshima zote: mpe kisu butu kwanza, ajifunze kufungua na kufunga mbele yako kwa wiki nzima. Unaposafiri kwa ndege kiweke kwenye mzigo unaoingia chini, maana uwanjani watakunyang'anya na hutakiona tena. Na wenye ndugu Uingereza wanaotaka kuwapelekea zawadi, wajue kwamba huko sheria huruhusu mtu kubeba hadharani bila kutoa sababu kisu cha kukunja ambacho makali yake hayazidi inchi 3, yaani sentimita 7.62, mradi hakina komeo. Kisu kilekile kikiwa na komeo kinahitaji sababu ya msingi. Ndiyo kusema hiki chetu cha kizamani kinapita mahali ambapo cha kisasa kinasimamishwa.

Ndugu mwenyekiti, naona saa. Nimekuja na mawe mawili, ndoo ya maji, mkanda wangu wa zamani na matawi ya mlimao ya kujaribia, na vyote viko mezani chini ya mwembe. Kila mmoja aje na kisu chake kikiwa kimefungwa, na tutaanza na vile vilivyo butu zaidi, maana najua wenyewe mtaona haya kuvitoa kwanza.